Mbuzi Aliyezaa Jumatatu

Sogeeni hapa mbele, na mwenye simu aizime. Hadithi yangu ina swali mwishoni, na swali hilo si la kumwachia jirani akujibie. Nikimaliza, kila mtu atatoa hukumu yake kwa mdomo wake mwenyewe. Mmekubali? Basi twende.

Palikuwa na wanawake watatu katika kijiji kimoja cha Ugogo. Kijiji sitakitaja, kwa sababu wenyewe wapo na wana masikio.

Wa kwanza aliitwa Yunisi, na kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini alikuwa na mbuzi ishirini na saba, na kwa kila mbuzi aliweza kukwambia siku aliyopandwa, kwa beberu wa nani, na wewe siku hiyo ulikuwa umevaa nini.

Wa pili aliitwa Penina. Huyu alikuwa na duka la dawa muhimu, na kipaji chake kilikuwa kuuliza. Ulikwenda kununua dawa ya mafua, ukatoka umeshamweleza ulikula nini, umelala saa ngapi na nani alikukoholea. Watu walimwita Polisi, akiwa hayupo.

Wa tatu aliitwa Atuganile, nesi wa zahanati, Mnyakyusa wa Tukuyu ambaye serikali ilimtoa kwenye migomba ikamleta kwenye vumbi letu. Kipaji chake kilikuwa mikono. Mtoto aliyepelekwa kuchomwa sindano alijikuta ameshachomwa huku bado anaamua kama alie.

Na palikuwa na wa nne, Damari, mke wa Nehemia, mkwe wa huyo Bi Yunisi. Mambo yote haya yalimpata yeye. Nitamfuata Damari, nanyi mnifuate mimi.

Damari aliuza mlenda mkavu kwenye mnada wa ng'ombe, ule unaofanyika kila baada ya wiki mbili. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka upande wa pili wa uwanja. Lakini mwaka huo sauti ilikuwa imepungua. Miezi kumi na moja nyuma alikuwa amekwenda kujifungua mtoto wake wa pili, uchungu ukamshika muda mrefu mno, mfuko wa uzazi ukachanika. Mtoto alikufa. Damari mwenyewe alirudishwa kwa damu za watu asiowajua. Siku anaruhusiwa kutoka hospitali, daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake akasema naye taratibu.

"Mama, utazaa tena, usiogope. Ila si sasa. Nipe miaka miwili kamili mshono ukauke. Ukibeba mimba kabla ya hapo, mshono unaweza kuachia, na sijui kama safari hiyo tutakuwahi."

Damari alisikia. Mtu aliyeona alichokiona yeye hahitaji kuambiwa mara mbili. Alikwenda kwa Nesi Atuganile akachagua sindano ya miezi mitatu, na kwa kuwa zahanati ipo pembeni ya uwanja wa mnada, nesi akamrahisishia hesabu: "Kila mnada wa sita, ukishafunga biashara, pita hapa."

Sasa sikilizeni kosa la Damari, na msimcheke, maana kila mtu ana hesabu yake ya ajabu nyumbani kwake. Gunia lake la mlenda lilikuwa na kamba ya kulifungia mdomo. Kila aliporudi kutoka mnadani, alipiga fundo moja kwenye kamba hiyo. Mafundo sita, sindano. Kisha anayafungua na kuanza upya. Kadi ya zahanati ilikuwa sandukuni, imeandikwa tarehe wazi kabisa, na Damari kusoma anajua. Lakini nani ahangaike kufungua sanduku wakati fundo liko mkononi?

Mwaka huo ukaingia ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe. Serikali ikaweka karantini, minada ikafungwa. Mnada wa kwanza ukapita bila mnada, wa pili ukapita, hadi ikatimia mitano. Damari hakwenda kuuza, na kwa kuwa hakwenda kuuza, hakupiga fundo. Alikaa nyumbani akilima na kuchuma mlenda wa porini, siku zikipita juu ya kamba ile bila kuacha alama. Karantini ilipoondolewa alirudi kazini, akaendelea kuhesabu pale alipoachia.

Mumewe, Nehemia, alikuwa mchimbaji wa visima, wale wanaotembea na mtambo mikoa kwa mikoa. Aliondoka wiki ileile Damari alipochomwa sindano, akapotea miezi karibu mitano. Akarudi Ijumaa moja jioni amebeba sukari, khanga na hamu yake yote. Nyinyi ni watu wazima. Wadogo waliomo humu wajue tu kwamba baba na mama walifurahi kuonana. Jumapili baada ya ibada gari la kampuni likapita kumchukua, akaondoka tena. Damari alimpungia mkono akiwa hana wasiwasi hata chembe. Kamba yake ilikuwa na mafundo matano.

Jumatatu mchana, mbuzi akazaa.

Alikuwa mbuzi mweusi mwenye sikio jeupe. Alizaa mapacha zizini, na Bi Yunisi alikuwa amechuchumaa pembeni yake, akiwafuta watoto kwa kitambaa. Damari alikuwa uani anachambua mlenda, hatua chache tu kutoka zizini. Ghafla mama mkwe akaacha kufuta. Akamtazama mbuzi, akatazama vidole vyake mwenyewe, akamtazama tena mbuzi.

Sasa mnajua jinsi ilivyo kati ya mkwe na mkwe kwetu. Kuna maneno hayavuki. Mama hawezi kumwuliza mke wa mwanawe habari za kitandani, afadhali ameze kaa la moto. Basi Bi Yunisi akaanza kusema na mbuzi, kwa sauti ya kusikika hadi uani.

"Wewe mbuzi, hongera. Umebeba miezi mitano kamili, hukuzidisha hukupunguza. Nakumbuka siku uliyopandwa. Beberu la mzee Chiwanga liliruka ua, mimi nikalifukuza na ufagio. Na siku hiyohiyo, wewe mbuzi, kuna mtu alirudi kutoka zahanati, anausugua mkono wake hivi, amevaa blauzi ya kijani."

Damari akaacha kuchambua.

"Sasa niambie, mbuzi," Bi Yunisi akaendelea, bado hajageuza uso, "huyo mtu, sindano yake ni ya miezi mingapi?"

Damari aliinuka, mlenda ukamwagika mapajani hadi chini. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akaitoa kadi. Tarehe ya kurudi ilikuwa imepita kwa zaidi ya miezi miwili. Aliisoma mara tatu. Akakaa chini sakafuni na kadi mkononi, mkono wa pili juu ya ule mshono wa zamani.

Alipotoka nje, Bi Yunisi alikuwa amesimama mlangoni amempa mgongo.

"Mama," Damari akasema, "nifanyeje?"

"Mimi nilikuwa nasema na mbuzi," akajibu mama mkwe. Kisha akageuka, na Damari akaona macho yake yamelowa. "Nenda dukani kwa Penina. Nasikia kuna vidonge vya dharura. Nenda sasa hivi, mlenda nitauokota mimi."

Kabla hatujaondoka hapa, jueni jambo moja. Nehemia alikuwa mtoto pekee wa Bi Yunisi. Mjukuu alikuwa na mmoja tu, Yona, na kila Jumapili kanisani wenzake walimhesabia wajukuu wao mpaka akachoka kusikia. Hakuna aliyekuwa anaijua siku ya beberu lile isipokuwa yeye. Angenyamaza, nani angemlaumu? Damari aliliwaza hilo njiani, na mapenzi aliyokuwa nayo kwa mwanamke yule mzee siku hiyo hakuwahi kuwa nayo kabla.

Lakini njia yenyewe ilikuwa chungu, kwa sababu ilikwenda kwa Penina.

Miaka saba nyuma Penina ndiye aliyekuwa mchumba wa Nehemia. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshachaguliwa, rangi zao zinajulikana. Halafu Nehemia akaenda mnadani, akaonja mlenda wa mtu fulani, mengine mnayajua. Tangu hapo Damari na Penina walikuwa wakisalimiana kwa kidevu tu. Dawa zake Damari alimtuma mtu amnunulie, au alizichukua mbali.

Saa kumi kasoro alisimama mbele ya kaunta ya duka.

"Mbukwa," akasalimu.

"Mbukwa, Mama Yona," Penina akaitikia. "Leo umekuja mwenyewe. Karibu."

Damari akaangalia nyuma kama kuna mtu, akasema upesi upesi kwamba anataka vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Penina hakushangaa wala hakutabasamu. Akashusha kiboksi rafuni, akakishika mkononi.

"Ilikuwa lini?"

"Ijumaa jioni ndiyo mara ya kwanza."

"Bado uko ndani ya siku tatu. Hivi vidonge mtu akiviwahi ndiyo vizuri. Na kabla ya Ijumaa? Tangu sindano iishe?"

"Mume wangu hakuwapo. Hakuna mtu."

"Vizuri. Kuna dawa nyingine unameza?"

"Hapana."

Penina akasubiri. Huyu mwanamke alijua kusubiri kuliko mwindaji.

"Hata ile ya kila siku? Iliyokaa nyumbani miaka yote hadi umeisahau?"

"Aa, ile ya kifafa tu," Damari akasema. "Hiyo si dawa, hiyo nimeizoea. Nameza tangu nina miaka kumi na moja."

Penina akakirudisha kiboksi rafuni.

Damari aliona mkono ule unapanda, kiboksi kikiondoka mbele ya macho yake, na miaka saba yote ikamrudia.

"Unaninyima," akasema. "Kwa sababu ya Nehemia."

Penina alivuta kiti, akakizungusha upande wa Damari wa kaunta, akamwonyesha akae. Damari hakukaa. Penina akasema naye hivyohivyo akiwa amesimama.

"Mama Yona, kama ningekuwa na kinyongo na wewe ningekuuzia. Ningekufungia kwenye karatasi na kukutakia jioni njema. Nisikilize. Dawa yako ya kifafa inaufanya mwili uzimalize dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Hivi vidonge vingefika ndani vikaishiwa nguvu kabla havijafanya kazi yake, na wewe ungekaa ukidhani umekingwa. Na dawa ya kifafa usije ukaiacha hata siku moja, hilo nakuomba."

"Kwa hiyo nimekwisha?"

"Hujakwisha. Kuna kitanzi cha shaba, watu wanakiita lupu. Hakijali unameza dawa gani, na kinazuia mimba kuliko hata vidonge, mradi kiwekwe ndani ya siku tano. Ijumaa jioni mpaka Jumatano jioni. Leo ni Jumatatu. Nesi Atuganile anakiweka, hapa kwetu ni yeye peke yake."

Akampigia nesi simu, haikupatikana. Akapiga tena. Mwishowe akachana karatasi kwenye daftari, akaandika yote: dawa ya kifafa, sindano iliyopita, Ijumaa jioni, upasuaji wa mwaka jana. Chini akaongeza kwamba kitanzi kikikosekana kabisa, Damari arudi kesho hiyohiyo apewe vidonge dozi mara mbili, ingawa hiyo ni njia ya pili na si ya kuitegemea kama ya kwanza. Akamkabidhi.

"Watu wamekuona umeingia, na watakuona unatoka mikono mitupu," Penina akasema. "Wakisema nimekunyima kwa wivu, waache. Nimeshasemwa mengi. Wewe kesho alfajiri uwe zahanati."

Na kweli walisema. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Penina amemfukuza dukani mke wa Nehemia. Baadhi yao waliapa hawatanunua kwake hata panadoli. Penina alijua itakuwa hivyo, na siri ya mteja hakuitoa ili ajitetee. Muda wa wiki nyingi duka lake lilikuwa na nzi kuliko wateja.

Jioni hiyo Damari alipanda kichuguu cha nyuma ya nyumba, mahali pekee panaposhika mtandao, akampigia mumewe. Mtambo ulikuwa unaunguruma nyuma ya mumewe, ikabidi amweleze kwa kupiga kelele, akiomba nusu ya kijiji isisikie. Nehemia akasema, "Nilisimama nje ya mlango wa upasuaji mwaka jana, Damari. Siwezi kusimama pale tena. Nenda ukakiweke." Basi akaenda.

Jumanne, saa moja kamili asubuhi, alifika zahanati baada ya mwendo wa saa mbili. Mlango ulikuwa umefungwa na kufuli. Mama anayefagia akamwambia, "Nesi anasafiri leo, anarudi Ijumaa. Labda umkute barabarani, basi halijaja." Damari alivua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia.

Basi lilikuwa limeshafika. Begi la nesi lilikuwa limeshaingia kwenye buti. Atuganile alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi aliposikia anaitwa, kwa ile sauti ya mnadani ambayo ilikuwa imepotea miezi kumi na moja.

"Nesi Atu! Nesi Atu!"

Hapa lazima niwaambie Atuganile alikuwa anakwenda wapi, la sivyo mtamhukumu vibaya. Kwa miaka minne alikuwa akiomba uhamisho wa kurudi kwao. Mama yake Tukuyu alikuwa amepooza upande mmoja na hana mwingine wa kumgeuza. Mwishowe alikuwa amempata nesi wa huko anayetaka kuja Dodoma, wakakubaliana kubadilishana vituo. Siku ya kusaini mbele ya ofisi ilikuwa hiyo Jumanne, mchana. Mwenzake alikuwa ameshafika mjini tangu jana, na alikuwa amesema wazi kwamba kuna mwingine naye anamtaka wabadilishane.

Atuganile akaisoma karatasi ya Penina akiwa palepale kwenye ngazi. Akahesabu kwa vidole. Jumatano jioni. Yeye anarudi Ijumaa. Mjini vitanzi vilikuwa vimeisha tangu mwezi uliopita, na hospitali ya wilaya ilikuwa ng'ambo ya korongo, njia nyingine kabisa na ya basi, na mvua za wiki ile zilikuwa zimelijaza korongo hadi magari yakalala upande huu siku tatu.

"Sista, unapanda au hupandi?" kondakta akapaza sauti.

Atuganile alimtazama Damari. Yeye nesi ndiye aliyemsindikiza kwenye gari la wagonjwa mwaka jana, mkono wake juu ya tumbo lile njia nzima.

"Nitolee begi langu," akamwambia kondakta.

Basi likaondoka. Hakugeuka kulitazama. Alitembea mbele, funguo mkononi, akinung'unika kwa Kinyakyusa maneno ambayo Damari alishukuru kwamba hayaelewi.

Ndani ya zahanati hasira ilimwisha. Alimpima mkojo kwanza, akahakikisha hakuna mimba. Alimpima mfuko wa uzazi taratibu, akijua pale pana historia. Akaosha mikono.

Damari akauliza alilokuwa amelibeba tangu jana. "Nesi, hii si kutoa mimba? Mimi ni mtu wa kwaya."

"Ungekuwa na mimba nisingekiweka. Mimba haipo bado, ndiyo maana tunakimbizana na siku," Atuganile akajibu. "Hiki kinazuia isitungwe. Na kikishakaa, kinaendelea kukukinga miaka. Siku ukimtaka mtoto, unakuja nakitoa, mlango unafunguliwa. Hakuna fundo la kuhesabu."

"Nani kakwambia habari za fundo?"

"Kamba yako naiona kila mnada, Mama Yona. Nilidhani ni urembo."

Damari akacheka, na alipokuwa anacheka, ile mikono ikafanya kazi yake. Maumivu yalimbana tumboni kama ya siku zake, yakamtoa jasho, yakapungua. Dakika kumi zilitosha. Wiki tatu baadaye alirudi kupimwa mkojo, na hapakuwa na mimba. Siku hiyo aliporudi nyumbani Bi Yunisi hakuuliza kitu. Alimwuliza mbuzi mwenye sikio jeupe kama mambo ni shwari, na Damari akajibu kwa niaba ya mbuzi kwamba ni shwari kabisa.

Atuganile naye alipata habari zake. Mwenzake alikuwa amemsubiri hadi saa tisa, kisha akasaini na yule mwingine.

Miaka miwili ikatimia, Damari akaongeza nusu mwaka kwa usalama. Ndipo yeye na Nehemia wakakubaliana, akaenda kutolewa kitanzi, na aliyekitoa alikuwa Atuganile yuleyule, bado yupo kwenye vumbi. Mimba ikaingia. Akahudhuria kliniki bila kukosa. Wiki za mwisho alipelekwa mjini kukaa karibu na hospitali, akapasuliwa kwa siku iliyopangwa, kabla uchungu haujaanza. Akazaliwa binti mwenye mashavu, analia kama mama yake anavyoita wateja.

Na sasa ndipo penye kazi yenu.

Katika ukoo ule mtoto hupewa jina moja tu, la mtu aliye hai. Mtu huyo huwa somo wake maisha yote. Somo ndiye anayepelekewa mtoto amlee kila likizo, ndiye anayepikiwa na mtoto huyo uji akizeeka, ndiye anayekaa kiti cha mbele siku ya harusi. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Na jina hulitaja mama peke yake, kwa kulinong'ona katika sikio la mtoto mara tatu, siku anapomtoa nje kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo watu walijaa uani. Nehemia alichinja. Wanawake watatu walikaa kwenye mkeka mmoja, na msidhani walikaa kwa unyenyekevu. Hawakuwa watu wa namna hiyo, na ndiyo sababu mimi nawapenda.

"Jina ni langu," Bi Yunisi akaanza. "Duka lilikuwapo, zahanati ilikuwapo, na Damari alikuwa amekaa palepale anachambua mlenda kwa raha zake. Nani aliyemwinua? Tena nilimwinua nikiwa natamani mjukuu kuliko chakula. Nisingeona mimi, hawa wawili wangemsaidia nani?"

"Mama, uliona, na baada ya kuona ukamtuma aje kununua vidonge," Penina akasema. "Ningemuuzia, mngekaa mnachekelea hadi tumbo lionekane. Mimi ndiye niliyeuliza swali ambalo hata yeye hakujua jibu lake. Na nikatukanwa kijiji kizima kwa ajili yake, nikanyamaza. Jina ni langu."

"Mmeona, mmeuliza, mkaandika karatasi nzuri," Atuganile akasema. "Karatasi ingebaki karatasi. Mimi nilishuka kwenye basi. Mama yangu alifariki mwaka jana akigeuzwa na majirani, na mimi nipo hapa. Kijiji hiki kimenichukulia mengi, sasa kinipe jina."

Hata waliokuwa wanatafuna waliacha. Nehemia, ili kupoza, akasema, "Jamani, na mimi si nilichangia?"

"Mchango wako ndio uliotukimbiza wote," Atuganile akamjibu, na watu wakacheka hadi mbuzi wakashtuka zizini.

Mzee mmoja akasema Bi Yunisi tayari ni bibi wa mtoto, jina la nini tena? Mwingine akasema Penina alifanya kazi yake tu, na nesi naye hulipwa mshahara. Mwanamke mmoja akamkata: kazi ya nani humtaka ashuke kwenye basi linalompeleka kwa mama yake? Mwingine akauliza, kuvumilia uzushi wa kijiji kizima, nani analipwa kwa hilo? Na kuna aliyesema, tena si kwa utani, kwamba mtoto apewe jina la mbuzi.

Damari hakuwasikiliza. Alisimama mlangoni na binti yake mikononi. Aliwatazama wale watatu mmoja mmoja. Kwa mmoja aliona macho yaliyolowa siku ile mlangoni. Kwa wa pili aliona kiti kilichozungushwa upande wake wa kaunta, ambacho hakukikalia. Kwa wa tatu aliona begi linatolewa kwenye buti. Alijua kwamba akimtoa mmoja tu kati yao, yeye mwenyewe asingekuwa amesimama pale. Moyo wake ulikuwa umejaa, na alikuwa na jina. Alikuwa na hakika nalo.

Akavuka kizingiti, akatoka juani. Akainama hadi mdomo wake ukagusa sikio la mtoto. Akanong'ona mara tatu, na mtoto akafumbua macho. Wale watatu kwenye mkeka wakanyoosha shingo wote kwa pamoja.

Mimi nilikuwa uani, lakini sikulisikia. Nilikuwa mbali, karibu na nyama.

Basi mpokeeni mtoto, mmoja baada ya mwingine, na shikeni kichwa chake vizuri. Yunisi aliyeona, Penina aliyeuliza, au Atuganile aliyeshuka? Midomo yenu hiyo hapo, na sikio lake hilo hapo.

Je, wewe ungemnong'oneza jina gani?